Fundi Amezima Simu? Usifute Zile SMS
Fundi amebomoa jikoni, akachukua pesa ya saruji na vigae, na sasa kila ukipiga ni mteja hapatikani. Usimtumie nyingine eti amalizie. Usifute zile SMS za malipo pia: zina jina, kiasi, tarehe na saa. Ziweke pamoja na picha za kazi na makubaliano yenu. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na si lazima uwe na wakili. Siku nyingine, lipia vifaa moja kwa moja kwa Till ya duka. Fundi mlipe ufundi wake kwa hatua: vigae vikishika, anapata, sinki ikitoa maji, anapata.