Bei, Saa na Uzoefu: Kanda Zinavyogombea Kazi ya Kuandika Programu

Kampuni za Marekani na Ulaya zimezoea kwa miaka mingi kuwapa wataalamu wa nchi nyingine kazi ya kuandika programu za kompyuta. India ndiyo iliyotangulia. Tata Consultancy Services ilianzishwa mwaka 1968, Infosys mwaka 1981, na mwaka 1985 Texas Instruments ikafungua kituo Bangalore kilichowasiliana na Marekani kwa setilaiti. Kisha ikaja hofu ya mwaka 2000, ilipodhaniwa kuwa kompyuta zilizoandika mwaka kwa tarakimu mbili zingekwama. Programu za zamani zilipaswa kukaguliwa mstari kwa mstari, na India ilikuwa na wahandisi wengi wanaojua Kiingereza, tena kwa ujira mdogo.

Ujira mdogo haudumu. Kazi zikiongezeka mishahara hupanda, na mhandisi hodari hunyakuliwa na mwajiri mwingine mradi ukiwa katikati. Ndipo saa inapoanza kuwa na thamani. Bangalore imeitangulia New York kwa saa tisa na nusu au kumi na nusu, kulingana na majira. Kazi iliyoelezwa kikamilifu tangu mwanzo haidhuriki. Huendelea hata mteja akiwa amelala. Lakini programu inayobadilishwa kila wiki huhitaji mazungumzo ya papo kwa papo, na swali moja linalosubiri hadi kesho linaweza kusimamisha timu nzima. Kampuni za Amerika ya Kusini, kama Softtek ya Mexico na Globant ya Argentina, zimejijenga juu ya hoja hiyo: mteja wa Marekani na mhandisi wake wako kazini saa zilezile.

Ulaya Mashariki ina mizizi katika ufundishaji imara wa hisabati, na Poland na Romania zinafuata sheria za Umoja wa Ulaya za kulinda taarifa binafsi. Ukraine nayo ilipata jina kubwa, hadi uvamizi wa Urusi wa mwaka 2022 ulipowalazimisha wahandisi wengi kuhama.

Afrika Mashariki iliingia kwa dhati baada ya mikongo ya intaneti ya baharini kufika mwaka 2009. Nairobi na Dar es Salaam zimepishana na Berlin kwa saa moja au mbili tu, faida ambayo haijatangazwa vya kutosha. Kikwazo ni uzoefu. Kampuni ya Andela, iliyoanzia Lagos mwaka 2014 kwa kuwafunza vijana kuandika programu, iliwaachisha kazi mamia yao mwaka 2019 katika Nigeria, Kenya na Uganda, kwa sababu wateja walitaka wahandisi waliokomaa. Uzoefu huo hupatikana kazini, kwa hiyo benki, kampuni za simu na serikali za hapa zinazonunua programu kutoka nje zinawanyima vijana wao mahali pa kukomaa.