Simbilisi Anapokonda

Simbilisi ni hodari wa kuficha ugonjwa. Porini mnyama mdogo akionyesha unyonge ndiye anayeliwa kwanza, na tabia hiyo haikumtoka hata baada ya watu wa milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, kumfuga kwa maelfu ya miaka. Manyoya nayo yanasaidia kuficha: unamwona mnene vilevile, kumbe ukimpapasa uti wa mgongo umeshachomoza. Ndiyo maana anayemfuga anahitaji mizani ya jikoni kabla ya kitu kingine chochote. Mweke ndani ya bakuli, mpime mara moja kila wiki, uandike. Simbilisi aliyekomaa huwa na gramu 700 hadi 1,200. Aliyekuwa na gramu 1,000 akashuka hadi 900 hafai kusubiri wiki ijayo.

Ukitafuta sababu ya kukonda, anza na kinywa. Simbilisi ana meno 20, na yote, magego pamoja na meno ya mbele, hukua maisha yake yote. Kinachoyapunguza ni kutafuna nyasi kutwa nzima, mbichi au kavu. Akilishwa pumba na karoti tu, meno hukua kuliko yanavyosagika. Magego ya chini hulalia ndani, yakakutana juu ya ulimi kama daraja na kuubana. Ya juu huelekea mashavuni na kuyachoma. Hapo utamwona anakimbilia chakula, anaokota jani, analitafuna kidogo, kisha analiangusha limelowa mate. Kidevu nacho kinakuwa na majimaji. Wengi hudhani anachagua chakula, ilhali ana njaa na hawezi kumeza. Meno ya mbele yanaweza kuonekana hayana kasoro, kwa hiyo yasikuridhishe. Magego yako ndani kabisa, na wa kuyachunguza ni daktari wa mifugo.

Sababu nyingine kubwa ni ukosefu wa vitamini C, na hapa mnyama huyu anamdai binadamu shukrani. Mwaka 1907 Axel Holst na Theodor Frølich, watafiti wa Norwei, walikuwa wakichunguza ugonjwa uliowasumbua mabaharia. Waliwalisha simbilisi nafaka peke yake. Wanyama walikonda, wakavuja damu, mifupa yao ikadhoofika: kiseyeye kile kile cha mabaharia. Waliopewa kabichi au maji ya limau walinusurika. Wanyama wengi hujitengenezea vitamini C mwilini. Simbilisi, kama sisi, hawezi. Ikikosekana kwa wiki mbili hivi, viungo huanza kuvimba, manyoya hukosa mng'ao, naye hulia akishikwa na hapendi kutembea.

Kwenye Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania na huko Kivu, ambako simbilisi hufugwa kwa ajili ya nyama, majani mabichi ya kila siku huziba pengo hilo bila mtu kuliwaza. Aliye hatarini zaidi ni yule wa mjini anayekula chakula cha paketi kilichokaa dukani miezi, kwa sababu vitamini C hupotea kadiri chakula kinavyokaa. Anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kila siku. Kipande cha pilipili hoho cha gramu 30 kinatoa miligramu 24 hivi. Usiitie vitamini kwenye maji ya kunywa, huharibika upesi.

Vijiwe vya kibofu na, kwa majike, uvimbe wa ovari pia hukondesha, lakini hayo ni ya daktari kuyabaini. Lililo lako ni kutoacha tumbo likae tupu. Simbilisi asipokula kwa nusu siku, utumbo huanza kusimama, gesi hujaa na mafuta hukimbilia kwenye ini. Mtafutie daktari siku hiyohiyo. Ikiwa tumbo halijavimba wala kukaza, loweka chakula chake cha paketi kiwe uji mwepesi, umlishe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kupitia pembeni mwa mdomo nyuma ya meno ya mbele, kidogo kidogo, ukimwacha ameze.

Na tafadhali, usimpe vidonge vilivyobaki kabatini. Penisilini na amoksilini, tunazozitumia sisi kila leo, huua bakteria wema wa utumbo wake, wale wenye sumu wakatawala, naye anaweza kufa ndani ya siku chache.