Watamu: Kwa nini mji hujaa Desemba na kukauka Mei

Ukiwa Ganze, Bamba au Kakoneni, huenda una mtoto au ndugu anayefanya kazi Watamu. Januari anatuma pesa nyumbani bila kuombwa. Ikifika Mei simu haishikwi, na ikishikwa jibu ni, "Mama, kazi imesimama." Kuna wazazi wanaodhani kijana ameharibika mjini. Mara nyingi kilichobadilika ni upepo. Leo tunaeleza jinsi mji huu mdogo wa Kaunti ya Kilifi unavyopata riziki, na kwa nini riziki hiyo ina msimu kama mahindi.

Watamu uko kama kilomita 20 kusini mwa Malindi. Ukitoka Mombasa, unafuata barabara ya Malindi hadi Gede, kisha unakata kulia kuelekea baharini. Kabla ya hoteli kilikuwa kijiji cha wavuvi. Leo ufuo una hoteli, mikahawa na nyumba za kukodisha, na Waitaliano ni wengi kiasi kwamba muuza vinyago hupatana bei kwa lugha yao.

Pepo mbili, mifuko miwili

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi. Bahari hutulia na maji huwa maangavu. Miezi hiyo hiyo Ulaya kuna baridi kali, na wageni wanatafuta jua. Mwezi wa Desemba nao Wakenya wa bara hushuka kwa sikukuu. Mambo haya yakikutana, mji hujaa: mpishi, dereva wa tuktuk, mwenye boti na muuza madafu wote wana kazi.

Kuanzia Aprili kusi huingia pamoja na mvua za masika. Bahari huchafuka, mwani hurundikana ufuoni, na Ulaya kunaanza joto. Hoteli nyingi hupunguza wafanyakazi, nyingine hufunga kabisa kwa wiki kadhaa. Wa kwanza kurudishwa nyumbani ni vibarua. Na hapo ndipo penye uchungu, kwa sababu muhula wa pili wa shule hufunguliwa wakati huo huo.

Wageni wanafuata nini?

Kwanza ni matumbawe. Mwamba huo hupunguza nguvu za mawimbi, ndiyo maana watu huoga kwa usalama, na samaki wa rangi huonekana kutoka kwenye boti. Eneo hilo ni hifadhi ya taifa ya bahari tangu 1968, chini ya KWS. Ndani ya hifadhi hakuna kuvua, hata kwa mshipi. Mvuvi anaweza kuona kwamba amenyang'anywa bahari yake. Hoja ya hifadhi ni kwamba samaki wakipata mahali pa kuzaana, wanaongezeka na kutoka nje ya mpaka, ambako mvuvi anawapata. Matumbawe yenyewe hayana nguvu dhidi ya joto. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipopata joto kupita kiasi, mengi katika pwani ya Kenya yalipauka na kufa.

Pili ni kasa. Jike hupanda ufuoni usiku, huchimba shimo na kutaga mayai ambayo mara nyingi hupita 100. Vifaranga hutoka baada ya kama miezi miwili. Kiota kimoja kikichimbuliwa kwa ajili ya kitoweo, vyote vimepotea.

Tatu ni vitu vya nchi kavu: magofu ya Gede, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, mikoko ya Mida, na msitu wa Arabuko-Sokoke. Pembeni mwa msitu huo, tangu 1993, wanavijiji katika mradi wa Kipepeo hufuga vipepeo na kuwauza nje ya nchi wakiwa bado kwenye kifuko. Kwao msitu uliosimama una faida kuliko uliokatwa kuwa makaa.

Ufanye nini wewe wa kijijini?

Kama unauza mboga, maembe au mayai, tegemea soko kubwa kati ya Desemba na Machi, na uwe na soko jingine la Mei.

Kama unashona makuti, hesabu yako ni tofauti. Hoteli nyingi hukarabati mapaa wakati hazina wageni. Zungumza nao mapema, mwezi wa Machi, kabla mafundi hawajaanza.

Kama kijana wako anataka kuchukua mkopo wa bodaboda, msipige hesabu ya marejesho kwa mapato ya Januari. Pigeni kwa mapato ya Mei. Akiweza kulipa Mei, ataweza mwaka mzima.

Dalili njema ipo. Kati ya Julai na Septemba nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu, na boti za Watamu hupeleka wageni kuwatazama. Hilo linaleta kazi kidogo ndani ya kusi yenyewe.

Lakini bado miezi ya njaa ipo. Kwa hiyo pesa ya Watamu ikiingia Januari, tenga karo ya Mei kwanza, ndipo ununue mabati.