Dakika Moja Leba

Wasafiri wa barabara ya kaskazini wanaijua Mombo, mkoani Tanga, kwa chakula. Mabasi ya Moshi na Arusha husimama hapo, abiria wakashuka kunyoosha miguu na kula, honi ikilia kila mtu anakimbilia kiti chake. Watu wa vijiji vya Usambara wanaijua kwa jingine: ndipo barabara inayoteremka kutoka Lushoto na Soni inapokutana na barabara kuu. Mjamzito akipata matatizo hapo Mombo na ikaonekana anahitaji hospitali ya Magunga, Korogwe mjini, bado ana mwendo wa kama kilometa 40. Mwenzake wa vijiji vya ndani vya Handeni huanza na barabara ya udongo kabla hajaiona lami.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kuwa mzazi hupoteza maisha kwa kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Uuguzi wa mama na mtoto umejengwa kupambana na yote matatu. Kliniki inashughulikia la kwanza. Mjamzito anapimwa presha, damu na mkojo, anapewa vidonge vya kuongeza damu na vya SP vya kuzuia malaria, na anaambiwa dalili za hatari: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso kuvimba. Hizo tatu za mwisho ni za kifafa cha mimba, nacho hakisubiri asubuhi. La pili ni la usafiri. Siku hizi kuna mfumo wa m-mama: mtu anapiga 115 bila malipo, na pasipo na ambulensi huitwa dereva wa jirani aliyesajiliwa.

Juhudi hizi zimezaa matunda. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikuta 104. Waliojifungulia kwenye vituo walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81.

Sasa tazama watoto wachanga. Katika utafiti wa 2015-16, waliokufa kabla ya kutimiza mwezi walikuwa 25 kwa kila 1,000. Mwaka 2022 walikuwa 24. Akina mama wamefika kituoni, watoto wao karibu hawajanufaika. Tatizo limehamia kwenye kuchelewa kwa tatu, ndani ya leba yenyewe.

Mtoto akitoka bila kulia, mkunga ana dakika moja. Anamkausha kwa kitenge, anamsugua mgongo, anakitupa kile kitambaa kilicholowa na kumfunika kwa kikavu. Kama bado hapumui, anakata kitovu, anamlaza kichwa kikiwa kimenyooka, anambana barakoa ndogo juu ya pua na mdomo, kisha anaminya mpira wa hewa huku akitazama kifua. Kifua kisipoinuka, hewa haiingii: barakoa inavuja au shingo imepinda. Hakuna umeme wala mashine inayohitajika hapo. Wakati huohuo mama naye anahitaji sindano ya oksitosini, kondo litoke salama na utokaji wa damu uangaliwe, na pengine usiku huo mkunga yuko peke yake.

Tanzania ilianza kufundisha stadi hiyo mapema. Dk. Georgina Msemo na wenzake waliripoti mwaka 2013 kwamba katika hospitali 8 vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Lakini kisa chenye funzo zaidi ni cha hospitali ya Haydom, mkoani Manyara. Wakunga walipewa mafunzo ya siku moja, na miezi kadhaa baadaye walimhudumia mwanasesere wa mazoezi vizuri kabisa. Leba, kwa watoto halisi, hakuna kilichobadilika. Hospitali ikaacha kutegemea semina. Wakunga wakafanya zoezi fupi mara kwa mara, papo hapo kazini, wakipokezana mwanasesere aliyejazwa maji ili awe na uzito wa mtoto. Vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000.

Nchi inayopenda semina, na posho zake, ilihitaji kusikia hilo.

Njia ya Haydom ilipanuliwa hadi vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yaliyotangazwa 2025 yalionyesha vifo vya watoto vya siku ya kwanza vimepungua kwa takriban asilimia 40. Tanga haikuwa miongoni mwa mikoa hiyo mitano. Zoezi lenyewe huchukua dakika chache tu mwanzoni mwa zamu, na linahitaji mwanasesere awe mezani karibu na leba, si kwenye kabati lililofungwa ambalo ufunguo wake anao mtu aliyekwenda likizo.