Jiwe lisilo na jina

Ukilitaja jiwe la Kisii wengi hufikiria viboko, twiga na vibao vya sataranji vinavyouzwa Nairobi na Mombasa. Mimi pia nilikuwa hivyo, mpaka majuzi nilipofunga safari hadi Tabaka, Mugirango Kusini, nikakuta jiwe lisilofanana na kitu chochote.

Lilikuwa juu ya gunia, uani kwa mama mmoja apigaye msasa. Si mnyama, si mtu. Mgongo wake ulipinda kama kilima, rangi ya maziwa, na mshipa wa waridi ukipita ubavuni. Upande mmoja laini kama shavu la mtoto. Wa pili umeachiwa alama za patasi. Nilipolishika nilijikuta nimenyamaza.

"Litie maji kwanza, mwanangu," mama akaniambia. "Likiwa kavu hulijui."

Alisema kweli. Wanaume hulikata na kulichonga kwa panga, patasi na kisu, nalo huwa limepauka kwa vumbi. Kisha huja kazi ya wanawake. Hulisugua ndani ya beseni la maji kwa msasa mkali, halafu wa wastani, halafu ule mwembamba kabisa. Hapo ndipo rangi hujitokeza: nyeupe, kijivu, manjano, waridi. Mwisho hupakwa nta. Mengine hutiwa rangi nyeusi au nyekundu, kisha hukwaruzwa kwa ncha kali mpaka weupe wa jiwe uonekane kwa mistari.

Nilikumbuka Nyamira, mama zetu wakisiriba kuta kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, vidole vikiacha mikunjo ambayo jua la jioni liliipitia polepole. Ati sanaa isiyo na sura ya kitu ilitoka Ulaya! Labda jina lake tu.

Tabaka hiyo hiyo ndiko alikozaliwa mchongaji Elkana Ong'esa, ambaye kazi yake ya ndege imewekwa makao makuu ya UNESCO, Paris. Lakini si kila mchongaji ana Paris yake.

Saa sita akafika dalali. Alihesabu viboko, akavifunga kwa magazeti, kisha akaligusa lile jiwe kwa kidole.

"Hili ni mnyama gani?"

Kijana wa mama, aliyelichonga, alitazama chini. Dalali akaliacha. Mama hulipwa kwa kila kipande kinachouzwa, na hilo alikuwa amelisugua siku mbili.

"Nitalitoboa macho," kijana akasema. "Nilitie na masikio, liwe kiboko."

Mama hakujibu. Alilichukua, akalirudisha ndani ya beseni na kuanza tena kulisugua kwa ule msasa mwembamba.

"Ngoja hadi Jumamosi," akasema baadaye. "Asipotokea mtu, utalichonga."

Nilikuwa na nauli tu mfukoni. Matatu ilipopiga honi, mshipa ule wa waridi ulikuwa ukionekana chini ya maji.