Remmy Ongala

Ramadhani Mtoro Ongala (1947 – 13 Desemba 2010), maarufu kwa jina la Remmy Ongala, alikuwa mwimbaji, mpiga gitaa na kiongozi wa bendi ya Super Matimila ya Dar es Salaam. Alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo. Mashabiki walimwita "Dokta".

Neno okestra katika muziki wa dansi halimaanishi kundi la fidla linaloongozwa kwa kijiti kama Ulaya. Ni bendi ya magitaa, ngoma na tarumbeta au saksafoni, na kiongozi wake huimba na kupiga pamoja na wenzake.

== Maisha ==
Akiwa kijana alipiga muziki Kongo, kisha Uganda na Kenya. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, iliyoongozwa na mjomba wake, Mzee Makassy. Wakongo wengi walikuwa wamemtangulia mjini, wakiwemo wanamuziki wa Maquis. Makassy ilipohamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Remmy alibaki akaingia Matimila, bendi yenye jina la kijiji cha kusini mwa Tanzania.

Wakati huo bendi nyingi zilikuwa za mashirika ya umma: JUWATA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, Mlimani Park ya shirika la DDC. Vyombo vya Matimila vilikuwa mali ya mfanyabiashara. Kwa hiyo hata kiongozi aliyejaza ukumbi alikuwa mwajiriwa tu, na mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Pengine ndiyo sababu nyimbo zake, kama "Mnyonge Hana Haki", zilisikika kama maneno ya mtu anayejua anachokisema.

Mwaka 1988 bendi ilikwenda Ulaya na matamasha ya WOMAD. Albamu ya "Songs for the Poor Man" ilitoka mwaka 1989 kwa lebo ya Real World ya Uingereza, ikifuatiwa na "Mambo" mwaka 1992.

Wimbo uliozua mjadala zaidi ni "Mambo kwa Soksi", uliohimiza matumizi ya kondomu dhidi ya UKIMWI. Radio Tanzania, iliyokuwa redio pekee ya Tanzania Bara, haikukubali kuupiga. Watu waliusikia kwenye kumbi na kwenye kanda. Ugonjwa ulikuwa tayari ukimaliza familia, na mgeni huyu aliyasema hadharani mambo ambayo wenyeji wengi walinong'ona.

Aliishi Sinza, wakati huo wilaya ya Kinondoni (sasa Ubungo). Kituo cha daladala cha hapo huitwa "Sinza kwa Remmy", na wapo wanaoshuka pale kila siku bila kujua Remmy ni nani.

Katika miaka yake ya mwisho, akiwa mgonjwa, aliacha dansi akaimba nyimbo za Injili. Mwanawe, Kali Ongala, alichezea Yanga na Azam.