Mafunzo ya Nje Humsaidiaje Kurutu Kukabili Msongo wa Mawazo?

Usajili wa makurutu wa jeshi unapotangazwa, vijana wengi wa kisiwani Mombasa hujiandaa kwa mbio. Wachache hujiandaa kwa msongo wa mawazo unaowasubiri kambini: usingizi mchache, amri nyingi na nyumbani mbali. Kwa kijana wa Mji wa Kale, aliyezoea kusalimiwa kila kichochoro, upweke huo si jambo dogo.

Mafunzo ya nje, kama vile kupanda milima, kupiga makasia na kulala porini, ni njia mojawapo ya kumzoesha. Mwaka wa 1941, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Kurt Hahn na Lawrence Holt walianzisha shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales, kuwaandaa mabaharia vijana kustahimili hatari baharini. Baadaye mfumo huo ulifika Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro.

Mtu anapokabili hatari, mwili hutoa homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo hwenda mbio na misuli hukaza. Hatari ikipita na mtu akapumzika, homoni hizo hushuka. Zoezi likirudiwa hatua kwa hatua, hofu hupungua. Asiyejua kuogelea huanzia maji ya kifuani, kisha kilindini akiwa na boya, kisha mashuani. Siku bahari itakapochafuka ataogopa, lakini atajua la kufanya.

Hata hivyo, si kila ugumu hujenga. Mwaka wa 1908, Robert Yerkes na John Dodson wa Marekani walionyesha kwa majaribio ya panya kwamba katika kazi ngumu, shinikizo la wastani hufunza upesi kuliko shinikizo kali. Kurutu naye huhitaji usingizi, chakula na mkufunzi anayemwamini. Akivikosa, mafunzo yaleyale humchosha.

Vijana wanaotamani kujiunga na Jeshi la Wanamaji, lenye kambi yake Mtongwe, ng'ambo ya kisiwa, wanaweza kuanza sasa: wajifunze kuogelea pamoja na mtu mzoefu, wala wasiingie majini peke yao. Wazazi nao wakiona kijana halali, hali vyema au amejitenga kwa wiki mbili au zaidi, wampeleke kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Pwani. Akitaja kujidhuru, wasingoje hata siku moja.